Nyanya huanza kuoza kabla ya kupanda gari

Msimu ukikolea Ilula, mkoani Iringa, matenga ya nyanya hupangwa kando ya barabara kuu yakisubiri gari la Dar es Salaam. Ukiuliza kwa nini mzigo unafika nusu uji, jibu halichelewi: hatuna jokofu.

Dhana: Bila jokofu hakuna ujanja.
Nyanya ambayo haijaiva haipatani na baridi kali. Ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 hivi, ukiitoa inagoma kuiva vizuri na ladha inapotea. Kinachoiumiza shambani ni jua. Vuna asubuhi, peleka kivulini papo hapo. Penye hewa kavu, tuseme Dodoma, sanduku la kuta mbili za matofali na mchanga uliolowa katikati hupoza mazao bila umeme. Tanga au Unguja halitafua dafu, maana hewa yenyewe imejaa unyevu na maji hayakauki upesi.

Dhana: Tenga la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi, ndilo lenye faida.
Faida ya nani? Fungua lile lililokaa chini kabisa. Za juu zinang'aa, za chini zimepasuka, na zilizogusa mbao zina michubuko ya misumari. Kila mchubuko ni mlango wa ukungu. Kutandika majani makavu kunasaidia pembeni tu. Uzito uko palepale. Kreti za plastiki zikipandana, kreti ndiyo inayobeba kreti, nyanya zinapumua. Shida yake ni bei, halafu ikienda sokoni kuirudisha ni kazi nyingine. Ndiyo maana simlaumu mkulima peke yake.

Dhana: Zioshe kwanza zivutie.
Nyanya yenye joto ikitumbukizwa kwenye maji baridi huyanyonya kupitia kovu la kikonyo, pamoja na vijidudu vyote vya ndoo hiyo. Futa kwa kitambaa kikavu.

Dhana: Kila kitu kivunwe alfajiri.
Mchicha, sawa. Machungwa ya Muheza, hapana: yakiwa na umande, ganda likibanwa mafuta yake hutoka na kuliunguza, ukabaki na madoa ya kahawia. Subiri likauke.

Dhana: Nyanya iwivie mtini.
Ya kuuza pale kijijini, iache. Ya safari ichume ikianza kuona haya kitakoni. Wekundu uliobaki itaumalizia njiani. Ila usiipakie pamoja na ndizi mbivu. Hewa inayotoka kwenye ndizi huharakisha uivaji, na mzigo utafika umelegea wote.