Je, wajua kwa nini kocha mpya huanza kwa ushindi?

Usiku wa Desemba 22, 2018, kibanda umiza cha mtaani kwetu kilijaa hadi watu wakakalia ndoo. Manchester United walikuwa ugenini Cardiff na kocha mwenye siku tatu kazini, Ole Gunnar Solskjaer. José Mourinho alikuwa amefungashiwa virago wiki hiyohiyo, baada ya kipigo cha 3-1 kutoka kwa Liverpool. Mpira ukaisha 5-1. United hawakuwa wamefunga mabao matano katika mechi moja ya ligi tangu Mei 2013, siku kocha wao wa zamani, Alex Ferguson, alipoaga. Kaka mmoja aliyesimama mlangoni akatamka kilichokuwa moyoni mwa kila mtu: "Si mnaona? Tatizo lilikuwa kocha."

Nilikubaliana naye kabisa, na kwa miaka kadhaa nilibishana na watu kwa ushahidi huohuo. Timu inafungwa, kocha anafukuzwa, anakuja mwingine, timu inashinda. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Nilikosea. Si kwamba kocha hana maana. Ana maana kubwa. Nilikosea kudhani kwamba ushindi wa wiki za kwanza unathibitisha jambo lolote kuhusu kocha aliyekuja au aliyeondoka. Kocha hufukuzwa wakati maalumu, timu ikiwa imeshuka chini ya kawaida yake. Na timu iliyoshuka chini ya kawaida yake, mara nyingi, ilikuwa ipande hata kama benchi la ufundi lingebaki lilelile.

Kwanza niseme kwamba maelezo tunayopeana vijiweni si ya kijinga. Kocha mpya akija, mchezaji aliyekuwa anasugua benchi anaona mlango umefunguka. Nyota aliyegombana na kocha wa zamani anafufuka. Mazoezi yanabadilika, hofu inapungua. Yote hayo hutokea. Shida ni kwamba maelezo hayo yanapatikana kila mara baada ya matokeo kujulikana, na timu isipoamka hakuna anayeyakumbuka.

Kulielewa hili vizuri, twende kwa mgema.

Methali inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumeikariri tangu shule na kila mmoja anaweza kukupa mfano wake. Sasa mtazame mgema mwenyewe. Anapanda mnazi asubuhi na jioni, anakata ncha ya karara kwa kotama, anatega kibuyu. Kinachodondoka humo kinategemea mambo mengi asiyoyashika mkononi: jua, mvua ya usiku, umri wa karara, saa ambazo tembo limekaa kibuyuni likichachuka. Tuseme tembo lake kwa kawaida ni la kadiri. Siku nyingi ni la kadiri, siku chache ni bovu, siku chache ni tamu ajabu.

Wateja humsifu siku ipi? Humsifu siku ile ya ajabu, mambo yote yalipokubaliana. Kesho yake anapanda mnazi uleule, kwa kotama ileile, na kwa kuwa siku za ajabu ni chache, yaelekea zaidi tembo litakuwa la kadiri. Mteja anaonja, anakunja uso: huyu tumemsifu, katia maji. Inawezekana kweli katia, wapo wanaotia. Lakini hata mgema mwaminifu kuliko wote angeonekana katia maji, kwa sababu sifa zilimkuta juu ya kawaida yake na kesho ilimrudisha mahali pake.

Geuza upande wa pili. Siku tembo likiwa bovu mteja anamfokea. Kesho linakuwa la kadiri, yaani bora kuliko jana. Mteja anaondoka na somo: mgema hafai kusifiwa, afokewe. Atakunywa tembo miaka ishirini na kwa miaka ishirini ataona ushahidi wa somo lake, ilhali kufoka kwake huenda hakujaongeza hata tone moja la utamu.

Weka kufukuzwa badala ya kufokewa, na hapo ndipo tulipokuwa tumekaa sisi wa kibanda umiza.

Katika takwimu jambo hili huitwa kurudi kwenye wastani. Mwingereza Francis Galton alilieleza mwaka 1886 kwa kulinganisha vimo vya watu wazima 928 na vya wazazi wao: wazazi warefu mno walizaa watoto warefu, lakini kwa kawaida si warefu kama wao. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alikutana nalo kwa wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli. Walimwambia kwamba rubani akisifiwa kwa kuruka vizuri, safari inayofuata huharibu. Akikaripiwa kwa kuboronga, hurekebika. Ni methali ya mgema neno kwa neno, kutoka kwa watu ambao yaelekea hawajawahi kuisikia. Kahneman alichora shabaha sakafuni kwa chaki, akawataka wakufunzi waipe mgongo na kuirushia sarafu mara mbili bila kuangalia. Aliyekaribia zaidi mara ya kwanza kwa kawaida alikuwa mbali zaidi mara ya pili, na aliyekosea vibaya akasogea. Hakuna aliyesifiwa wala kukaripiwa.

Unaweza kulijaribu nyumbani. Chukua sarafu ya shilingi 200, yenye Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Irushe mara 38, idadi ya mechi za msimu mmoja wa Ligi Kuu ya Uingereza. Karume ni ushindi, simba ni kipigo. Ukipiga hesabu, uwezekano wa kupata angalau vipigo vinne mfululizo mahali fulani katika msimu huo ni kama asilimia 73. Karibu misimu mitatu kati ya minne, timu ya sarafu, isiyo na kocha wala chumba cha kubadilishia nguo, itapitia mgogoro wa kufukuzisha mtu. Na ukimfukuza "kocha" kila inapofungwa mara nne, mrithi wake atapata kwa wastani ushindi mara mbili katika mechi nne zinazofuata. Kutoka sufuri hadi mbili! Magazeti yangemwita mwokozi.

Timu halisi si sarafu, bila shaka. Lakini soka ni mchezo wa mabao machache. Mechi ya kawaida ya ligi kubwa huzaa mabao kati ya mawili na matatu, kwa hiyo mwamba mmoja uliogongwa au penalti moja iliyokataliwa inatosha kugeuza pointi tatu kuwa sufuri. Mechi tano za namna hiyo ni kipimo chenye kelele nyingi mno, yaani bahati imo nyingi kuliko uwezo.

Sasa turudi kwa Solskjaer, maana mfano niliokuwa nautumia kubishana ndio ulionigeuza. Mourinho aliondoka akiwa na pointi 26 katika mechi 17, yaani pointi 1.53 kwa mechi. Solskjaer alikusanya pointi 40 katika mechi 21 zilizobaki, yaani 1.90. Ukiishia hapo, kocha mpya ameshinda kesi. Lakini chukua misimu miwili kamili ya Mourinho kabla ya hapo: pointi 69 msimu wa 2016/17 na 81 msimu wa 2017/18. Jumla 150 kwa mechi 76. Ni pointi 1.97 kwa mechi.

Nilipoziandika namba hizo tatu kwenye karatasi moja, 1.97, kisha 1.53, kisha 1.90, nilikaa nikaziangalia kwa muda. Timu ilikuwa na kawaida yake. Ikashuka chini ya kawaida hiyo, kocha akafukuzwa, ikarudi karibu na ilipokuwa. Walishinda mechi nane za kwanza za mashindano yote chini ya Solskjaer, wakaitoa PSG Paris kwa 3-1, na Machi 28, 2019 akapewa mkataba wa kudumu. Katika mechi kumi zilizofuata walishinda mbili tu. Ya kumi ilikuwa nyumbani Old Trafford, kipigo cha 2-0. Waliowafunga ni Cardiff, timu ileile ya ile 5-1, safari hii ikiwa tayari imeshashuka daraja. United walimaliza nafasi ya 6, palepale walipokuwa Mourinho alipoondoka.

Mfano mmoja hautoshi, kwa hiyo tazama walichofanya watafiti wa Uholanzi. Jan van Ours na Martin van Tuijl, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walichukua timu za ligi kuu ya Uholanzi zilizofukuza kocha katikati ya msimu. Kila moja waliipatia pacha: klabu hiyohiyo, katika msimu mwingine ilipodorora vilevile lakini ikakaa na kocha wake. Timu zilizofukuza zilipanda. Pacha zao nazo zikapanda, kwa kiasi kilekile. Bas ter Weel alikuwa ameshafika karibu na hapohapo mwaka 2011 kwa takwimu za Uholanzi za 1986 hadi 2004, na mwaka huohuo wachambuzi wa Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, walipitia misimu tangu 1963 wasione faida ya kumtimua kocha katikati ya msimu.

Hapa niweke tahadhari, kwa sababu wapo wanaoishika hoja hii wakaibeba kupita kiasi. Tafiti hizi zinazungumzia wastani wa timu nyingi. Hazisemi kwamba hakuna kocha aliyewahi kuigeuza timu. Thomas Tuchel aliichukua Chelsea Januari 2021 na Mei akabeba Ligi ya Mabingwa. Roberto Di Matteo alifanya hivyohivyo kwa klabu hiyohiyo mwaka 2012. Pia pacha si pacha kamili: uongozi uliomvumilia kocha huenda uliona mazoezini kitu ambacho matokeo hayakionyeshi. Na wastani wenyewe husogea. Timu ikiuza wachezaji wake bora, mahali pa kurudi panakuwa chini zaidi.

Wenye hoja ya subira nao wana mfano wao mmoja wanaoupenda kupita kiasi. Ferguson alianza Novemba 1986 kwa kufungwa 2-0 na Oxford United. Misimu yake minne ya kwanza aliishia nafasi ya 11, ya 2, ya 11 na ya 13, na ubingwa wa ligi ukaja 1993. Ni kweli tupu. Lakini makocha waliovumiliwa miaka mitatu wakaishia kuishusha timu daraja hakuna anayewataja kijiweni, kwa hiyo subira tunaihesabu kwa mavuno yake tu. Mikel Arteta hunishawishi zaidi, ingawa naye ni mtu mmoja: Novemba na Desemba 2020 Arsenal walicheza mechi saba za ligi mfululizo bila ushindi na Krismasi ikawakuta nafasi ya 15, kisha kuanzia msimu wa 2022/23 wakamaliza wa pili mara tatu mfululizo.

Kwetu, kisa kinachonijia haraka ni cha Yanga, Novemba 2024. Chini ya Miguel Gamondi walikuwa wameshinda mechi nane za mwanzo za ligi bila kuruhusu hata bao moja. Hilo lilikuwa tembo la siku ya ajabu. Hata msimu wa ubingwa uliotangulia walifungwa na Ihefu na Azam. Kisha wakapoteza 1-0 kwa Azam, wakachapwa 3-1 na Tabora United, na Gamondi akaondoka. Uongozi wa klabu unaweza kuwa na sababu zake nje ya matokeo. Ila mrithi wake, Sead Ramovic, hakupata zile wiki tamu za mwanzo kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika: alifungwa 2-0 na Al Hilal ya Sudan kwenye Uwanja wa Mkapa, kisha 2-0 na MC Alger. Timu aliyoipokea haikuwa shimoni. Ilikuwa inashuka kutoka kileleni, na huko ni vigumu zaidi kumpata kocha mpya anayeonekana mwokozi.

Halafu kuna Crystal Palace ya 2017, ninayoirudia kila mjadala huu unapopamba moto. Frank de Boer alifukuzwa baada ya mechi nne za ligi, zote kafungwa, bao hata moja hana. Akaja Roy Hodgson. Akafungwa na Southampton, akafungwa 5-0 na Manchester City, akafungwa 4-0 na Manchester United. Mechi saba sasa, makocha wawili, bao sufuri. Oktoba 14 wakaja Chelsea, mabingwa watetezi, na siku hiyo mshambuliaji wa Palace, Wilfried Zaha, alikuwa amerudi kutoka kwenye jeraha alilolipata mechi ya kwanza ya msimu. Bao la kwanza la Palace likapatikana dakika ya 11, na mfungaji alikuwa César Azpilicueta, beki wa Chelsea, aliyejifunga. Zaha akaongeza la pili, ikaisha 2-1, na msimu ulipomalizika Palace walikuwa nafasi ya 11.