Eti kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina neno

Kuanzia Ntinda hadi Mbarara, hapa Uganda, ingia kituo chochote cha malezi ya watoto wadogo na hutakosa kuisikia kauli hii: "Huyu bado ananyonya, mavi yake si mavi." Mama huisema anapomkabidhi mtoto asubuhi. Anti anayempokea huirudia. Hata mwenye kituo, aliyechora twiga na tembo ukutani akasahau kuweka maji karibu na meza ya kubadilishia nepi, naye anaiamini. Jumatatu mtoto mmoja anaharisha, Alhamisi nusu ya chumba, Jumamosi ni zamu ya anti mwenyewe, kisha lawama inaangukia uji.

Harufu ndogo ndiyo inayodanganya watu. Mtu mzima ameshakutana na vijidudu vingi vya tumbo na mwili wake umejifunza kuvizuia. Mtoto ndiyo kwanza anakutana navyo, kwa hiyo vikimpata anavitoa kwa wingi. Chukua rotavirusi: gramu moja ya kinyesi cha mtoto anayeugua inaweza kubeba mabilioni ya virusi, na kumwambukiza mwenzake hakuhitaji hata mia. Tena mtoto huanza kuvitoa kabla hajaharisha, na huendelea siku kadhaa baada ya kupona na kurudi kituoni akicheka. Uganda iliingiza chanjo ya rota katika ratiba yake mwaka 2018. Chanjo hiyo inapunguza ugonjwa mkali na vifo, lakini haigeuzi nepi kuwa salama. Homa ya ini ya aina A ni jeuri zaidi: watoto wadogo wengi huibeba bila dalili yoyote, na anayegeuka macho ya manjano ni mlezi aliyewabadilisha.

Maziwa ya mama yanamkinga anayeyanyonya. Hayaoshi kilichoshatoka, na hayamkingi mwenzake anayelazwa kwenye godoro lilelile dakika mbili baadaye.

Kinachookoa chumba ni mpangilio, na mpangilio huharibika kila mara katika hatua zilezile tatu. Ya kwanza ni maandalizi. Kila kitu kiwe mezani kabla mtoto hajalazwa: nepi safi, pamba au vitambaa vilivyoloweshwa maji vuguvugu, mfuko wa taka, krimu ikiwa inahitajika, karatasi ya kutandika. Anayekumbuka pamba katikati ya kazi ataifungua kabati kwa mkono uleule, na kuanzia hapo mpini wa kabati ni sehemu ya choo. Zaidi ya hapo, mtoto wa miezi sita anajua kubingirika. Mkono mmoja ubaki juu yake muda wote.

Ya pili ni glavu, na hapa ndipo ubishi ulipo. "Mimi navaa glavu, kunawa kwa nini?" Glavu iliyofuta kinyesi ni mkono mchafu wa rangi ya bluu, basi. Fungua nepi chafu, futa kutoka mbele kwenda nyuma, kila kipande cha pamba kipite mara moja kisha kiende mfukoni, fungua mikunjo ya mapaja ufute na humo, kunja nepi chafu na uitoe. Sasa vua glavu, kabla ya kugusa nepi safi, krimu au nguo za mtoto. Wengi huzivua mwisho kabisa, wakiwa wameshamvalisha, wameshamnyanyua na wameshashika mfereji. Halafu mnawe wote wawili, mlezi na mtoto. Mikono ya mtoto ndiyo husahaulika kuliko vyote, na ndiyo iliyokuwa huko chini wakati nepi iko wazi. Maji yatiririke, sabuni ipite katikati ya vidole na chini ya kucha, sekunde ishirini. Kama hakuna bomba, jerikeni lenye mfereji linatosha. Beseni moja la kunawia watu wote ni supu. Sanitaiza nayo haiondoi uchafu unaoonekana na haimalizi jiadia, kijidudu kinacholeta kuhara, kwa hiyo haichukui nafasi ya sabuni.

Ya tatu ni JIK, dawa ya klorini ya kuulia vijidudu. Kunyunyizia JIK juu ya godoro lenye alama ya kinyesi ni kupoteza fedha, kwa sababu klorini inamalizwa na uchafu kabla haijafika kwenye vijidudu. Osha kwanza kwa maji na sabuni, futa, ndipo upake JIK. Kama kibandiko kinasema asilimia 3.5, vijiko viwili vya mezani kwa lita moja ya maji vinakupa asilimia 0.1, inayotosha meza na godoro vilivyokwisha kuoshwa. Iache dakika kumi, kisha ikauke yenyewe. Mahali palipomwagika kuhara panataka kali zaidi: kikombe kimoja cha JIK kwa vikombe sita vya maji. Changanya upya kila asubuhi na ufunike, kwani jua na joto huiua. Usiichanganye na dawa nyingine ya choo. Mvuke wake unachoma mapafu. Godoro lililopasuka litupwe. Hakuna dawa inayoingia ndani ya sponji.

Zipo kauli nyingine za vituoni, nazijibu haraka.

"Pampasi inashika saa kumi na mbili, ziletwe mbili zinatosha." Ile jeli ya ndani inanyonya mkojo, hainyonyi kinyesi. Mkojo na kinyesi vikikutana, bakteria hutengeneza amonia, vimeng'enya vya kinyesi vinapata nguvu na kuanza kula ngozi. Kinyesi kibadilishwe papo hapo, mkojo kila saa mbili hadi tatu, na anayetolewa Kyengera, nje ya Kampala, alfajiri akakaa kwenye foleni ya magari abadilishwe anapofika tu. Andika kila badiliko. Mtoto aliyekaa saa sita bila kulowesha nepi anaishiwa maji mwilini, na bila daftari hakuna atakayegundua.

"Poda inazuia upele." Poda ikilowa inakuwa uji kwenye mikunjo, na ikipeperuka inaingia kifuani. Krimu nzito yenye zinki inafaa. Usiisugue yote itoke kila mara, ondoa iliyochafuka tu na uongeze nyingine. Wekundu unaoruka mikunjo ni wa unyevu. Ulioingia ndani ya mikunjo na kuzungukwa na vidoadoa ni fangasi, na huo unataka dawa ya fangasi. Kyogero, maji ya mitishamba ya kuogeshea watoto, ina heshima yake nyumbani, ila mitishamba juu ya ngozi iliyochubuka huwasha.

"Anaharisha kwa sababu ya meno." Hapana. Meno hayaharishi, na imani hii ndiyo inayowapeleka watoto kung'olewa eti "meno ya uongo" kwa kisu au spoki ya baiskeli. Mpe ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), pamoja na zinki ya siku kumi hadi kumi na nne: miligramu 20 kwa siku kwa aliyefikisha miezi sita, 10 kwa mdogo zaidi. Kama kuna damu, au hawezi kunywa, apelekwe kituo cha afya leo hii.

"Govi lirudishwe nyuma lioshwe." Liacheni. Kwa watoto wengi bado limeshikana na kichwa cha uume. Kulilazimisha kunachana na kuacha kovu. Osha nje. Kwa msichana vilevile, nje tu.

"Pampasi inafanya mvulana awe tasa." Hakuna ushahidi. Miguu ya upinde, ambayo nayo husingiziwa pampasi, ni ya kawaida hadi karibu miaka miwili.

"Tupa chooni." Kinyesi ndiyo, nepi hapana. Pampasi zinajaza shimo na kuziba bomba la wanaokuja kulinyonya. Za kitambaa zioshwe, zianikwe juani, kisha zipigwe pasi moto pande zote mbili, hasa mishono na ukanda, kwa sababu nzi wa embe hutaga kwenye nguo zenye unyevu na funza wake huingia kwenye matako ya mtoto.

"Mlango ufungwe, ni heshima ya mtoto." Heshima ni pazia fupi au kona isiyo na wapita njia, huku mtu mzima mwingine akiweza kuona na kusikia. Wanaobadilisha wawe wachache na wajulikane kwa majina, simu ibaki nje ya chumba, na mtoto aambiwe kinachofanyika hata kama hajui kusema: "Sasa nafuta." Kukiwa na mchubuko au alama isiyoelezeka, andika saa na mahali ilipo siku hiyohiyo, mwambie mkuu wa kituo. Ukishuku mtoto anadhulumiwa, piga 116, namba ya Sauti, huduma ya simu ya kuwasaidia watoto, ambayo ni ya bure.