Fangasi wa mdomoni wasiokoma si lazima iwe VVU

Tuseme mama ameshuka na daladala kutoka Kibosho mpaka Moshi mjini, amemshika mkono mtoto wa miaka sita. Mdomoni mwa mtoto kuna utando mweupe, unapakwa dawa ya zambarau tangu mwaka juzi: unaisha, unarudi. Vipimo vya VVU ni hasi kila mara, ila majirani wameshahukumu. Mwezi uliopita alipata degedege, na homa hakuwa nayo.

Sisi wa maabara tukisikia hivyo masikio yanasimama. Upo ugonjwa wa kurithi, nadra sana, uitwao APECED. Chanzo ni hitilafu kwenye jeni ya AIRE, iliyotambuliwa mwaka 1997. Jeni hii hufanya kazi kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambako seli changa za kinga huonyeshwa protini za mwili mzima. Zinazotaka kuzishambulia huondolewa mapema. AIRE ikiharibika, ni kama mgambo waliopewa virungu kabla ya kujulishwa wenyeji.

Matokeo yake ni kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe. Baadhi huzima intaleukini 17 na 22, protini zinazotukinga na fangasi. Ndiyo sababu utando ule haukomi. Tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu nazo zikishambuliwa, vidole hukakamaa na degedege huja. Zamu ya tezi za juu ya figo ikifika, mtoto huchoka, fizi na makovu hukolea weusi, naye huenda jikoni kulamba chumvi. Tafadhali msimchape, mwili wake unaipoteza kwenye mkojo.

Kingamwili tunazozitafuta kwanza ni za kupinga intaferoni alfa na omega, protini za mwili za kupambana na virusi. Karibu wagonjwa wote wa APECED wanazo, mara nyingi kabla tezi hazijaguswa. Lakini hata baadhi ya wazee wasio na ugonjwa huu huwa nazo, kwa hiyo kipimo cha jeni ndicho kinachothibitisha.

Na mama asisutwe ukweni: kwa kawaida baba na mama, wote wazima, kila mmoja amempa mtoto nakala moja yenye hitilafu. Kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4.

Tezi za juu ya figo zikishadhurika, hidrokotizoni, dawa inayoziba pengo la homoni yake, humezwa kila siku, maisha yote. Ikija homa, dozi huongezwa kama daktari alivyoelekeza. Akitapika dawa, anahitaji sindano: mpelekeni hospitali usiku huohuo.