Mawe ya Kilimanjaro si ya kale hivyo

Hapa Moshi wengi huamini kwamba mawe ya Kilimanjaro yapo tangu dunia iumbwe. Sivyo. Volkano zilianza kuujenga mlima huu takriban miaka milioni 2.5 iliyopita, Kibo chenyewe, kilele chake kirefu zaidi, hakijafikisha hata milioni moja. Wakongwe wa kweli wako Geita, kwenye lava na majivu ya volkano ya miaka kama bilioni 2.7, yaliyogeuka kijani kwa joto na mgandamizo. Umri wake husomwa ndani ya zirkoni, punje ndogo mno ambamo urani hugeuka madini ya risasi polepole, kwa kasi inayojulikana. Kemia ya miamba ya aina hiyo huonyesha jinsi basalti, jiwe zito jeusi la lava, ilivyoyeyuka tena, ikazaa mawe mepesi, na mabara yakaanza kukua. Na hao wakongwe wa Geita ndio wenye dhahabu!