Dawa inapougeukia moyo: maana ya kadiotoksisiti

Ukisikia kwamba dawa fulani ni sumu kwa moyo, rahisi kudhani ni dawa feki au iliyopitwa na muda. Sivyo. Wataalamu wanaotumia neno kadiotoksisiti huwa wanazungumzia dawa halali, iliyotengenezwa vizuri, tena inayotibu kweli. Ila kwa kiasi fulani, au kwa mtu fulani, au ikikutana na dawa nyingine mwilini, inaugusa moyo pasipotakiwa. Inaweza kudhoofisha msuli wake, kuvuruga umeme unaopanga mapigo, au kuharibu mishipa inayoulisha damu. Ugonjwa uliotibiwa waweza kuwa mbali kabisa na moyo: mtu alikuwa anapiga chafya tu kwa sababu ya mzio, au ana saratani ya titi, na tatizo likazuka kifuani.

Naona njia nyepesi ya kuielewa dhana hii ni kumfuata mtu aliyeichunguza karibu maisha yake yote ya kazi, hasa kwa kuwa vitu alivyovifanyia majaribio vilitoka Afrika, vingine huku kwetu pwani.

Thomas Richard Fraser alizaliwa Calcutta mwaka 1841, akasomea udaktari Edinburgh, Uskoti. Mwaka 1862 alihitimu kwa tasnifu juu ya maharage ya Calabar, kutoka mashariki ya nchi ambayo sasa ni Nigeria, yaliyokuwa yakitumiwa katika kiapo: mshukiwa wa uchawi alinyweshwa, akifa ana hatia, akitapika na kupona hana. Mwalimu wake, Robert Christison, bingwa wa elimu ya sumu wa zama zile, aliwahi kuyala mwenyewe ili aone yatamfanya nini. Alinusurika. Fraser alikuwa makini zaidi, na mwaka 1877 alirithi kiti cha uprofesa cha mwalimu wake.

Kazi iliyompa jina, hata hivyo, ilianzia kwenye mswaki. Katika safari ya Livingstone ya mto Zambezi, iliyoanza 1858, daktari na mtaalamu wa mimea wa msafara alikuwa John Kirk. Ndiye huyo huyo ambaye baadaye akawa balozi wa Uingereza Unguja, na jina lake halitengani na mkataba wa 1873 ambao Sultani Barghash alikubali kufunga soko la watumwa. Kirk alikusanya sampuli za sumu ya mishale iliyoitwa kombe, itokanayo na mmea. Mswaki wake ulikaa mahali pamoja na sumu hiyo. Alipousugua menoni alisikia ladha chungu sana, kisha akagundua kwamba mapigo ya moyo wake yamebadilika. Habari hiyo, na sampuli, zikamfikia Fraser.

Fraser akaanza na vyura. Kiasi kikubwa cha kombe kilisimamisha moyo wa chura ukiwa umejikaza, umefumba kama ngumi, usiweze kulegea ili ujaze damu tena. Kiasi kidogo sana kilifanya jambo tofauti: moyo ulipiga kwa nguvu zaidi, na polepole zaidi. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umechoka, miguu imevimba na pumzi inamkatika akilala, hicho ndicho kinachotafutwa. Kufikia 1885 alikuwa akiwaeleza madaktari wenzake jinsi dawa iliyotokana na mmea huo, strofanthasi, ilivyofanya kazi kwa wagonjwa. Mwaka 1893, yeye na mwenzake Joseph Tillie walichapisha uchunguzi wa sumu ya mishale ya Wanyika, yaani Wamijikenda, pamoja na watu wengine wa Afrika Mashariki. Hiyo hutoka kwenye mti wa jamii ya akokanthera, lakini moyo wa chura uliijibu kwa namna ile ile.

Inafaa kusema wazi kwamba wawindaji walishajua nusu ya kwanza ya ugunduzi huu vizazi vingi kabla. Walijua sumu hii huua upesi ikiingia kwenye damu. Alichoongeza Fraser ni kipimo: kiasi gani kinaua, kiasi gani kinasaidia, na kati ya hivyo viwili pana nafasi kiasi gani.

Nafasi hiyo ndiyo moyo wa somo zima. Kwa dawa nyingi ni pana, na mtu akikosea kidogo hadhuriki. Kwa dawa za jamii ya kombe ni nyembamba mno, kwa sababu madhara yake si jambo la pembeni. Ni kazi ile ile ya dawa iliyopitiliza. Kila seli ya moyo ina pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Pampu hiyo ilitambuliwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, akifanya kazi na neva za miguu ya kaa, na ikampatia Tuzo ya Nobel miaka 40 baadaye. Sumu ya mishale huizuia. Sodiamu ikirundikana ndani ya seli, kalsiamu nayo hushindwa kutoka, na kalsiamu ndiyo inayoamrisha msuli ujikaze. Ikizidi kidogo, moyo hupata nguvu. Ikizidi sana, seli huanza kufyatua umeme ovyo, kila moja kwa wakati wake.

Ndugu wa dawa hiyo bado yumo wodini: digoksini, ambayo asili yake ni mmea wa Ulaya. Anayetibiwa moyo ulioshindwa huhitaji takriban nanogramu 0.5 hadi 0.9 kwa kila mililita ya damu. Ikipita 2, daktari anaanza kuogopa. Sasa fikiria bibi wa miaka 78 mwenye figo zilizochoka, na figo ndizo zinazoitoa digoksini mwilini. Anameza pia furosemidi, ile Lasix ya kupunguza maji, inayomwaga potasiamu kwenye mkojo, na potasiamu ikipungua digoksini huibana pampu kwa urahisi zaidi. Dozi haijabadilika hata chembe, lakini sumu imepanda. Dalili za mwanzo humpoteza mtu: hamu ya chakula inaisha, kichefuchefu, kutapika, pengine kuona vitu vina rangi ya manjano. Nyumbani watasema ni tumbo.

Hiyo ni sura moja ya kadiotoksisiti. Kuna nyingine inayojikusanya. Doksorubisini, dawa nyekundu ya saratani inayoingizwa kwa dripu, imeokoa wagonjwa wengi, wakiwemo watoto. Lakini moyo huhesabu kila chupa tangu ya kwanza. Uchunguzi uliochapishwa 1979 juu ya wagonjwa zaidi ya 3,900 ulionyesha kwamba waliopata jumla ya miligramu 400 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, moyo ulishindwa kwa asilimia 3 yao. Kwa 550 ilikuwa asilimia 7, na kwa 700 asilimia 18. Tafiti za baadaye zimetoa picha mbaya zaidi ya hiyo. Ndiyo maana madaktari wa saratani huweka kikomo cha jumla ya maisha yote, na ndiyo maana mgonjwa hupimwa moyo kwa ultrasaundi kabla ya matibabu na hata baada yake. Madhara yanaweza kujitokeza miaka mingi baada ya saratani kupona.

Sura ya tatu ndiyo iliyobadilisha kazi ya watafiti wa kadiotoksisiti kuliko zote, na ilianza na dawa ya mafua ya mzio. Terfenadini, iliyouzwa Marekani kwa jina la Seldane tangu 1985, ilipendwa kwa sababu haikuleta usingizi. Mwaka 1990 madaktari waliripoti habari za mwanamke wa miaka 39 aliyekuwa akizimia huku mapigo ya moyo yakivurugika vibaya. Alikuwa akitumia terfenadini, na juu yake ketokonazoli, dawa ya fangasi. Ilibainika kwamba kwa kawaida ini huigeuza terfenadini karibu yote kabla haijaufikia moyo. Ketokonazoli ilizuia kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, na terfenadini yenyewe ikabaki kwenye damu kwa wingi.

Terfenadini ikifika kwenye moyo, huziba vijia ambavyo potasiamu hupitia kutoka kwenye seli. Baada ya kila pigo, seli hutegemea vijia hivyo ili irudi katika utulivu. Vikizibwa, utulivu huchelewa, na kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, utaona umbali kati ya alama Q na alama T, uitwao QT, umerefuka. Ukipita milisekunde 500, pigo jipya linaweza kuanza kabla la awali halijamalizika, na moyo ukaingia katika mzunguko wa mapigo ya kasi yasiyosukuma damu. Dawa hiyo iliondoka sokoni Marekani mwaka 1998. Kilichochukua nafasi yake ni feksofenadini, ambayo si kingine ila kile ambacho ini lilikuwa likikitengeneza kutokana na terfenadini muda wote.

Tangu 2005 kuna miongozo ya kimataifa inayotaka dawa mpya ichunguzwe kama inaziba vijia hivyo na kama inarefusha QT, hata ikiwa ni dawa ya kikohozi. Kwa hiyo mrithi wa Fraser siku hizi hushinda maabara akitazama seli za moyo wa binadamu zilizooteshwa kwenye kisahani, zinadunda zenyewe, akizidondoshea dawa na kusoma umeme wake. Ni kazi yenye matokeo yasiyosifiwa na mtu: dawa inakataliwa kabla haijapewa jina, na hakuna mgonjwa anayejua amenusurika nini.

Kwetu somo hili linakuja karibu zaidi kupitia malaria. Kwinini hurefusha QT kiasi, na ikiingia haraka kwenye mshipa ni hatari, ndiyo maana ile ya dripu hupitishwa polepole kwa saa kadhaa. Halofantrini, dawa nyingine ya malaria, ilikuwa mbaya zaidi. Vipimo vilivyochapishwa 1993 kutoka mpaka wa Thailand vilionyesha inavyorefusha QT, na vifo vya ghafla vilishahusishwa nayo. Lumefantrini ilipokuja, ilikuwa na kila sababu ya kutiliwa shaka, maana kikemia inafanana sana na halofantrini. Wagonjwa wakapimwa ECG kabla na baada ya kumeza, na urefu ule wa hatari haukuonekana. Lumefantrini ndiyo nusu ya dawa ya mseto, ALu, ambayo Tanzania na Kenya zilianza kuigawa kwa wingi mwaka 2006. Hata hivyo karatasi ya maelezo ndani ya pakiti bado inamtaka mwenye historia ya QT ndefu, au anayetumia dawa nyingine zinazoirefusha, aseme kabla ya kumeza.