Chungwa likijaa kila mahali

Mwenyekiti wa SACCOS moja aliniwekea kipeperushi mezani akauliza, "Mtaalamu, mbona watu wanasema hawaoni namba yetu ya simu?" Nikakitazama. Vichwa vya habari rangi ya chungwa, mistari chungwa, picha zimezungushiwa fremu ya chungwa, na namba ya simu nayo chungwa. Namba ilikuwepo, ila ilikuwa imevaa sare na wenzake wote.

Rangi ya aina hii naiita ya kukolezea. Rangi kuu ndiyo sura ya taasisi; kwa hawa ni bluu nzito. Ya kukolezea inaitwa tu pale unapotaka jicho lisimame. Wabunifu tuna kipimo cha 60, 30 na 10, tulichokirithi kwa wapamba nyumba: asilimia 60 rangi tulivu, 30 rangi kuu, 10 ya kukolezea. Mimi hata hiyo 10 naiona nyingi. Kipeperushi kile nilikiachia chungwa sehemu moja tu, kwenye namba ya simu. Kwenye tovuti nikaliweka kwenye kitufe cha "Jiunge" basi.

Kitufe chenyewe kilinipa kazi. Chungwa lao, ambalo msimbo wake kwenye kompyuta ni #FF6B00, likiandikwa herufi nyeupe juu yake, tofauti ya mwanga kati ya herufi na rangi ya nyuma haifiki hata 3 kwa 1, wakati mwongozo wa kimataifa wa tovuti unataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Weka herufi nyeusi juu ya chungwa lile lile, unavuka 7 kwa 1. Mwenyekiti alitaka nyeupe kwa sababu "inang'aa". Nikampa simu, nikamtoa nje kwenye jua la saa saba, nikamwambia asome. Akarudi ndani kimya.

Halafu kuna uchapaji, na hapa niliwahi kuumia mwenyewe. Kioo cha simu hutengeneza rangi kwa mwanga. Mashine ya kuchapa huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na chungwa kali halifikiki kwa wino huo. Mabango yangu ya kwanza yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Siku hizi nachapa kipande kidogo cha majaribio kabla sijamwonyesha mteja rangi yoyote, au tunalipia wino maalumu wa Pantone, ambao rangi yake huchanganywa tayari kabla ya kuchapa.

Jambo jingine ni majirani. Hapa Tanzania ukichagua kijani kisha ukakikolezea kwa njano, mwaka wa uchaguzi utaulizwa kama ninyi ni CCM, na miaka mingine utaulizwa habari za Yanga. Rangi ni nzuri, lakini zina wenyewe.

Mwenyekiti alikubali yote isipokuwa fulana za mkutano mkuu. Hizo zilibaki chungwa tupu, nembo ya bluu kifuani, na kwenye picha walipendeza.