Kwa walimu wa lugha za kigeni magharibi mwa Kenya: kazi zipo, ila si pale ulipozoea kuzitafuta

Kila muhula, wahitimu wa ualimu waliosomea Kifaransa au Kijerumani hupita katika idara yetu hapa Kisumu na swali lile lile: TSC itaajiri lini? Ni swali la haki. Mtu amesoma miaka minne, amesajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, ana nambari yake mkononi, na bado anafundisha kwa mkataba wa bodi ya shule kwa malipo yasiyotosha nauli na kodi ya nyumba. Shule za upili zinazofundisha Kifaransa si nyingi. Zenye Kijerumani ni chache zaidi, na ile iliyokwisha kupata mwalimu mmoja huwa haitafuti wa pili.

Hata hivyo, watu wanaotaka kujifunza lugha hizi katika ukanda wetu wameongezeka sana. Tatizo ni kwamba wengi wao si wanafunzi wa KCSE, na mwalimu wa kuwafaa anahitaji maandalizi ambayo shahada ya ualimu haikumpa.

Ingia jioni katika jengo lolote lenye bango la masomo ya Kijerumani katikati ya Kisumu, Kakamega, Eldoret au Nakuru. Utakuta wauguzi, mafundi wa umeme, wasichana wanaotaka kwenda kulea watoto katika familia za Kijerumani, na wanandoa wanaotaka kuwafuata wenzao walioko ng'ambo. Kila mmoja anajua ngazi anayoihitaji kati ya sita zinazopimwa, kuanzia A1 ya chini hadi C2 ya juu. Mwenzi anayemfuata mume au mke wake Ujerumani kwa kawaida hudaiwa A1. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe huko hudaiwa B2 mara nyingi. Tangu Juni 2024 Ujerumani ina kadi ya kutafutia kazi, ambayo mwombaji anaweza kuiomba akiwa na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2. Kisha tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi, na hamu ya kujifunza ikazidi. Upande wa Kifaransa, mwaka 2023 Kanada ilianza kuwaita kwa kundi lao maalum waombaji wa ukaazi wanaojua Kifaransa vizuri, na wapo Wakenya wanaojiandaa kwa mitihani ya TEF na TCF ambao hawakuwahi kukisoma Kifaransa shuleni.

Watu hawa hulipa ada kwa mshahara wao wenyewe. Wakifeli, wamepoteza pesa na muda, na pengine hata nafasi ya kazi iliyokuwa ikiwasubiri. Kwa hiyo mwalimu wao lazima awe na vitu viwili tofauti, na naomba visichanganywe: ngazi ya lugha iliyopimwa, na ujuzi wa kufundisha watu wazima kwa ajili ya mtihani unaopima matumizi ya lugha.

Nianze na ngazi. Mfumo wa pamoja wa Ulaya uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001 umegawa umilisi wa lugha katika ngazi sita, A1, A2, B1, B2, C1 na C2, na karibu kila mwajiri wa ng'ambo husoma wasifu wa mwalimu kwa jicho hilo. Alama ya A katika Kifaransa cha KCSE haimwambii lolote, na shahada ya chuo chetu humwambia kidogo tu. Cheti cha C1 cha DALF, mtihani rasmi wa Kifaransa wa ngazi za juu, humwambia yote kwa mara moja. Nimeona walimu wazuri wakikataa kupimwa kwa sababu wanaona ni aibu mwalimu kukalia mtihani pamoja na wanafunzi wake. Nawaelewa, lakini naona wanajinyima. Lugha ya kigeni isiyotumiwa hupungua, na aliyefundisha sentensi za kidato cha kwanza kwa miaka minane bila kusoma gazeti wala kusikiliza redio ya lugha hiyo ameshuka hata kama hajui. Cheti cha DALF, au cha DELF ambao ni mtihani mwenzake wa ngazi za chini, hakina tarehe ya kuisha. Ni gharama ya mara moja, nami ningeiweka mbele ya shahada ya uzamili kwa yeyote anayetaka kuishi kwa kufundisha.

Sasa ufundishaji, na hapa ndipo ninapoona pengo kubwa zaidi. Nimekaa nyuma ya madarasa mengi ya jioni. Mwalimu, kijana hodari, anajaza ubao kwa jedwali la vitenzi na vihusishi. Wanafunzi wananakili na saa inaisha. Muuguzi aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu hajafungua kinywa hata mara moja. Mwalimu anafundisha alivyofundishwa, na kwa mtihani wa karatasi njia hiyo ilimtosha.

Ulinganishe na mtihani wa B1 wa Taasisi ya Goethe, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani. Una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu ina alama yake ya kupita, 60 kwa 100, wala aliyefeli moja halazimiki kurudia zote. Kuzungumza huchukua kama dakika 15 kwa watahiniwa wawili. Kwanza wanapanga jambo pamoja, tuseme kumtembelea mwenzao aliyelazwa hospitalini: waende siku gani, wapeleke nini, wafike kwa usafiri gani. Mmoja akitoa wazo, mwingine hulikubali au hulipinga na kutoa lake. Kisha kila mmoja hueleza mada fupi, na mwenzake hutoa maoni na kuuliza swali. Jedwali la ubaoni halimsaidii mtu hapo ikiwa hajawahi kubishana na jirani yake wa dawati kwa Kijerumani kuhusu matunda ya kumpelekea mgonjwa.

Saa hiyo hiyo ya jioni ingeweza kwenda hivi. Mwalimu anawapanga wawili wawili na kumpa kila jozi kipande cha karatasi chenye jambo la kupanga, kisha anaweka dakika tatu kwenye simu. Anazunguka kimya akiandika makosa anayoyasikia. Muda ukiisha, anaandika ubaoni matano tu, yale yaliyojirudia, na darasa linayasahihisha pamoja. Halafu jozi zinabadilishwa na zoezi linarudiwa. Sarufi imefundishwa, tena kwa wakati mtu anapoihitaji. Hakuna kifaa cha gharama hapo, lakini ni kazi inayotaka mafunzo.

Mafunzo yenyewe yapo, na mengi hayamlazimu mtu kuhamia Nairobi. Taasisi ya Goethe ina mpango wake wa mafunzo ya walimu uitwao Deutsch Lehren Lernen, ambamo mwalimu hufanya utafiti mdogo katika darasa lake mwenyewe: anachagua tatizo moja, anajaribu njia mpya, anaandika alichokiona. Kwa Kifaransa kuna stashahada ya DAEFLE, itolewayo kwa masomo ya mbali na CNED, kituo cha serikali ya Ufaransa cha masomo hayo, pamoja na Alliance Française ya Paris. Anayefundisha Kifaransa na ana ngazi ya juu anaweza pia kufunzwa na kuidhinishwa kuwa mtahini wa DELF na DALF. Malipo ya kusahihisha si makubwa, lakini baada ya kazi hiyo utafundisha tofauti, kwa kuwa utakuwa umejua mtahini anatafuta nini. Kwa Kichina, Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro na Chuo Kikuu cha Moi vina Taasisi za Confucius, vituo vya kufundishia lugha na utamaduni wa Kichina, kwa hiyo mtu wa Nakuru au Eldoret anaweza kujifunza na kujiandaa kwa mtihani wa HSK karibu na nyumbani.

Mpango wa TSC wa kuendeleza walimu, TPD, uliozinduliwa mwaka 2021, una nafasi yake kwa walio kazini. Ila unahusu ualimu kwa ujumla. Usitarajie ukufundishe jinsi ya kuandaa mtu kwa B2.

Kuna lugha nyingine ya kigeni ambayo walimu wetu huisahau kwa sababu kwao si ya kigeni, nayo ni Kiswahili. Kinafundishwa katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, Wisconsin-Madison na Indiana vikiwamo. Kinafundishwa Leipzig na Bayreuth huko Ujerumani, Beijing huko China, na katika Chuo Kikuu cha Hankuk mjini Seoul. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha kiwe lugha yake ya kazi, na mwaka huo huo Uganda, jirani zetu wa Busia na Malaba, ikaamua kifundishwe kwa lazima katika shule zake. Serikali ya Marekani ina mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, ujulikanao kama FLTA, ambao kwa miaka mingi umewapeleka vijana Wakenya kufundisha Kiswahili katika vyuo vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo. Hulenga wenye shahada walio na umri wa miaka 21 hadi 29. Hautoi shahada, lakini mshiriki husoma kozi pale anapofundisha, na anarudi na uzoefu usiopatikana hapa. Anayekaribia miaka thelathini asingoje. Matangazo hupitia ubalozi wa Marekani Nairobi.

Lakini kumfundisha Kiswahili mgeni si kama kukifundisha kidato cha nne. Mwanafunzi wa kidato cha nne anakuja akikijua. Unamfundisha fasihi na isimu jamii. Mgeni atakuuliza kwa nini husemwa "rafiki yangu mzuri amefika" na si "rafiki wangu", ilhali hapo hapo husemwa "mbwa wangu". Walimu wengi hujibu kwamba ndivyo tusemavyo. Jibu hilo halimsaidii mtu atakayekutana kesho na "dada yangu" na keshokutwa na "paka wangu". Mwalimu aliyejiandaa atamweleza kwamba majina ya watu na wanyama huchukua upatanisho wa A-WA katika kivumishi na kitenzi hata yasipokuwa na umbo la ngeli hiyo, ndiyo maana ya "mzuri" na "amefika". Atamweleza pia kwamba majina ya undugu na uhusiano kama rafiki, dada, kaka na baba, huchukua "yangu" na "zangu" katika umilikaji, na wanyama hawamo katika kundi hilo. Kisha atampa mifano kumi ya kuzoeza ulimi. Hili linaweza kujifunzwa kwa wiki chache za kazi ya makini, na ndilo mwajiri wa ng'ambo hulipia.

Najua walimu wa huku magharibi hudhani kazi hii ni ya watu wa Pwani. Sikubaliani nao hata kidogo. Kiswahili cha Pwani kina utajiri wake na inafaa tukisome, lakini mwanafunzi anayeanza anataka mtu wa kumweleza mambo kwa mpangilio, na aliyejifunza Kiswahili shuleni baada ya Dholuo au Lubukusu mara nyingi anakumbuka vizuri ni wapi ngeli humtatiza mwanafunzi. Wanafunzi wa kuanzia wapo hapa hapa: watafiti wa afya wanaokuja Kisian, watu wa mashirika, wamisheni, wanafunzi wa utabibu. Wengine wanataka Dholuo pia. Mwalimu mwenye masomo kumi yaliyoandikwa vizuri na wanafunzi watatu wa kumshuhudia ana jambo la kuonyesha anapoomba kazi ya mtandaoni au ya chuo cha mbali.

Kuhusu ukalimani, wengi huuliza kwa sababu Kisumu ndiko yaliko makao makuu ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na jumuiya hiyo sasa ina Burundi, Rwanda na, tangu 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mikutano yenye Kifaransa ipo. Ila kukalimani mkutano ni taaluma yake, na Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa shahada ya uzamili ya tafsiri na ukalimani. Usikubali kuingia katika kibanda cha wakalimani kwa sababu tu unazungumza lugha mbili.

Sasa onyo. Palipo na hamu ya kwenda ng'ambo, mawakala hawakosi. Ukiambiwa ulipe ili utafutiwe kazi ya kufundisha Kiingereza Korea Kusini, jua kwamba viza ya kazi hiyo, E-2, kimsingi hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Ireland, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Kabla ya kutoa shilingi, hakikisha kwamba wakala yumo katika orodha ya walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Na mwenye kituo cha lugha akikutaka uandike wasifu unaodai C1 usiyokuwa nayo, ondoka. Wanafunzi watakaoumia ni wako.

Jiungeni na vyama. Walimu wa Kifaransa nchini wana KATF. Duniani wana shirikisho lao, FIPF, lililoanzishwa 1969, na wa Kijerumani wana IDV tangu 1968. Makongamano yao makubwa huja kila baada ya miaka minne; ya 2025 yalikuwa Besançon na Lübeck, kwa hiyo anayetaka kuwasilisha mada katika yajayo ana muda wa kufanya utafiti wa darasani na kuuandika.

Kwa aliye chuoni bado, neno moja kuhusu somo la pili: ukiunganisha Kifaransa au Kijerumani na Kiswahili au Kiingereza, utakuwa na nafasi shuleni huku ukijijenga nje yake. Kwa aliyekwisha kuhitimu, ningeanza na mtihani. Chukua karatasi za mfano za ngazi iliyo juu ya ile unayodhani unayo, zinapatikana bila malipo kwenye tovuti za Goethe na za France Éducation international, taasisi ya Ufaransa inayosimamia DELF na DALF, uzifanye nyumbani kwa muda uliowekwa, na umpe mwenzako akusahihishe bila huruma. Matokeo hayo yatakuonyesha kama ujisajili kwa mtihani wenyewe mwaka huu au utafute kwanza miezi sita ya kusoma.